John Dalton, Mpimaji wa Mvua

Mtu akaaye karibu na chemchemi isiyokauka hata wakati wa kiangazi huenda amejiuliza maji yake yatoka wapi. Zamani wenye elimu wengi wa Ulaya walidhani ya kuwa maji ya bahari hupita chini ya nchi, yakaacha chumvi yake njiani, yakatokea milimani. John Dalton hakutosheka na kudhani; alipima.

Alizaliwa mwaka 1766 katika kijiji cha Eaglesfield, kaskazini ya Uingereza. Baba yake alikuwa mfumaji maskini, nao walikuwa wa jamii ya Wakristo waitwao Marafiki. Alipokuwa na umri wa miaka 12 tu alianza kufundisha shule, na baadhi ya wanafunzi walimpita kwa umri. Vyuo vya Oxford na Cambridge havikuwapa shahada watu wasio wa kanisa la serikali. Kwa hiyo mwalimu wake mkuu alikuwa John Gough wa mji wa Kendal, kipofu tangu utoto, aliyemfundisha Kilatini, Kiyunani na hesabu, akamshauri kuandika hali ya hewa kila siku. Tarehe 24 Machi 1787 Dalton akafungua daftari, wala hakuiacha kazi hiyo kwa miaka 57.

Mwaka 1793 akahamia Manchester. Huko yeye na rafiki yake Thomas Hoyle walizika ardhini chombo cha bati kilichojaa udongo, chenye mirija ya kutolea maji, wakapima kwa miaka 3 mvua iliyoingia na maji yaliyotoka. Yaliyopungua ndiyo yaliyorudi hewani kuwa mvuke. Kisha akafanya hesabu ya Uingereza na Wales yote: mvua na umande wa mwaka mmoja hupata kina cha inchi 36, na mito huchukua inchi 13 tu kwenda baharini. Basi mvua yatosha kulisha kila mto na kila chemchemi. Hayo aliyasoma mbele ya chama cha wataalamu wa Manchester mwaka 1799.

Lakini mvuke wenyewe ulizidi kumsumbua. Wengi walisema maji huyeyuka katika hewa kama chumvi katika maji. Dalton akaona sivyo: mvuke hukaa peke yake kati ya hewa nyingine, na kiasi chake cha mwisho hufuata joto tu. Leo twajua ya kuwa kila joto likizidi kwa digrii 1 ya Selsiasi, nafasi ya mvuke huongezeka kama sehemu 7 katika 100. Ndiyo sababu nchi zikipata joto, mvua kubwa huzidi ukali. Na katika kufikiri jinsi hewa mbalimbali zinavyochanganyika, Dalton alifikia elimu yake ya atomu, iliyomfanya mashuhuri.

Tusimsifu kupita kiasi. Alidhani maji ni atomu moja ya haidrojeni na moja ya oksijeni, akakosea. Tena alikuwa mgumu kukubali vipimo vya wengine.

Jioni ya tarehe 26 Julai 1844, mkono ukitetemeka, aliandika ya kuwa mvua kidogo imenyesha. Asubuhi yake akafa. Karatasi zake nyingi ziliungua Manchester mwaka 1940, mji uliposhambuliwa kwa mabomu.