Mervyn Cowie na Yatima wa Lang'ata

Kila muhula mabasi ya shule hufuata Barabara ya Lang'ata, jijini Nairobi, yakiwapeleka wanafunzi kwenye Kituo cha Wanyama Yatima kilicho langoni mwa Mbuga ya Taifa. Humo watoto huwaona simba, duma na wanyama wengineo waliofiwa na mama zao, waliojeruhiwa au waliotelekezwa. Wengi hurejea darasani wakiyajua majina ya wanyama hao. Ni wachache mno wanaolijua jina la Mervyn Cowie, aliyekuwa mkurugenzi wa mbuga zetu kituo hicho kilipofunguliwa mwaka wa 1964.

Cowie alizaliwa papa hapa Nairobi mwaka wa 1909, miaka kumi tu baada ya reli kufika. Alikuwa mtoto wa walowezi, na utotoni mwake nyanda za Athi zilijaa wanyama. Alisomea Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, akahitimu kuwa mhasibu. Aliporejea mwanzoni mwa miaka ya 1930, alishtuka kukuta wanyama wamepungua sana, kwani bunduki na mashamba yaliyozidi kupanuka vilikuwa vimewamaliza.

Alilalamika kwa wakuu wa serikali, asisikizwe. Ndipo akabuni hila. Aliandika barua gazetini, akajificha nyuma ya jina la bandia la mlowezi mkongwe, akapendekeza wanyamapori wote waangamizwe. Wasomaji walichemka kwa hasira, na hasira hiyo ikaisukuma serikali kuunda kamati ya kulichunguza suala hilo. Mhasibu huyo alikuwa ametambua kwamba watu wengi hawawachukii wanyama. Wao hunyamaza tu, mpaka waonyeshwe mwisho wa kunyamaza kwao.

Vita vya Pili vya Dunia vilikatiza mipango hiyo kwa muda. Hata hivyo, sheria ya mbuga za taifa ilipitishwa mwaka wa 1945, na Desemba 1946 Mbuga ya Nairobi, yenye eneo la takriban kilomita 117 za mraba, ikawa ya kwanza nchini. Tsavo ilifuata mwaka wa 1948. Cowie aliziongoza mbuga hizo hadi mwaka wa 1966, Kenya ikiwa tayari nchi huru, na akafariki mwaka wa 1996.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki hiyo hainizuii kutaja upande wa pili. Jina lenyewe la Nairobi limetokana na maneno ya Kimaasai yanayohusu maji baridi, na wafugaji waliolipa eneo hilo jina waliondolewa katika malisho ambayo yaligeuzwa kuwa mbuga. Waliohukumiwa kuwapisha wanyama hawakuwa wawindaji waliowamaliza. Huruma iliyotetewa na Cowie ilikuwa ya kweli, lakini gharama yake ilitwikwa mabega ya wengine. Mwalimu anayeisimulia historia ya mbuga bila ya kuitaja gharama hiyo anasimulia nusu tu.

Kwangu mimi, kituo cha yatima kina funzo zito kuliko mbuga yenyewe. Mbuga hulinda jamii nzima ya wanyama, ilhali kituo humtunza mmoja mmoja. Yamkini mtu atauliza kwa nini tusimwachie mwanasimba maumbile yaamue. Jibu ni kwamba aghalabu si maumbile yaliyomfanya yatima, bali mtego, bunduki au gari. Aliyesababisha ukiwa ana deni la malezi, na Cowie na wenzake walikubali kwamba deni hilo ni la taifa, linalohitaji ua, daktari na bajeti, wala si machozi peke yake.

Nikiwa mwanaisimu, silipuuzi neno yatima. Katika Kiswahili ni neno linalomhusu binadamu kwanza, nalo hudai wajibu kwa kila alisikiaye. Tumelikubali kwa simba wa Lang'ata. Lakini mbwa aliyetupwa na mwenyewe, anayepekua taka karibu na Marikiti katikati ya jiji, hatumwiti yatima. Yeye ni mbwa koko, na mwenzake ni paka shume. Maneno hayo huwafanya waonekane kana kwamba walizaliwa na makosa, hali mbwa huyo alitupwa na binadamu mwenye jina na anwani. Simba yatima ana serikali; mbwa koko anategemea wahisani kama chama cha KSPCA, ambacho chimbuko lake ni mwaka wa 1910 na makao yake yako kando ya barabara iyo hiyo ya Lang'ata, upande wa Karen.

Tofauti kati ya wawili hawa haimo katika maumivu yao. Simba huleta watalii, mbwa koko haleti chochote. Ikiwa huruma yetu hupimwa kwa fedha za kigeni, basi hiyo ni biashara, na tuiite hivyo mbele ya wanafunzi wetu. Cowie alihitaji barua ya uongo ili kuwaamsha watu wa enzi yake. Sisi twahitaji ukweli mmoja tu: kila mbwa tunayemwita koko, yeye au mzazi wake aliwahi kuwa na mwenyewe.