Emil Fischer, Mwana wa Mfanyabiashara wa Mbao

Sisi wa Mafinga twaijua biashara ya mbao, kwa kuwa msitu wa Sao Hill u karibu nasi. Biashara hiyo ndiyo aliyotakiwa kuirithi Emil Fischer, aliyezaliwa Euskirchen, Ujerumani, tarehe 9 Oktoba 1852. Baba yake alimjaribu kazini, akamwona hafai hata kidogo. Basi mwaka 1871 akampeleka Chuo Kikuu cha Bonn akasome.

Mwaka 1874 alipata udaktari wa kemia, na mwaka uliofuata akagundua kemikali iitwayo fenilihidrazini. Kwa hiyo aliweza kupambanua sukari za namna nyingi. Lakini ilikuwa sumu, nayo ilimdhuru afya. Hakuacha kazi. Aliunda pia kafeini, ile iliyomo katika chai ya Mufindi, ituondoleayo usingizi wakati wa kudurusu. Mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel.

Wengi wangaliridhika hapo. Fischer alitaka kujua jinsi protini, zinazojenga misuli yetu, zilivyoundwa. Alionyesha kuwa ni asidi amino zilizoungana kama shanga katika uzi. Mwaka 1901 yeye na Ernest Fourneau waliunga mbili. Mwaka 1907 alifikisha 18. Uzi kama huo aliuita peptidi. Kazi ilikwenda polepole mno, maana kila hatua ilidai kusafisha mchanganyiko upya.

Mkewe alifariki miaka saba tu baada ya arusi. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 alifiwa na wana wawili. Wa tatu, Hermann, alifuata kemia. Fischer alifariki Berlin tarehe 15 Julai 1919.

Kazi yake haikufa. Mwaka 1963 Mmarekani Bruce Merrifield alieleza njia ya kushikiza shanga ya kwanza kwenye punje ndogo za plastiki, hata uchafu ukaoshwa na peptidi ikabaki. Siku hizi punje hizo hupashwa joto kwa maikrowevu, mawimbi yale yale yapashayo chakula jikoni. Kuunga shanga moja, kulikoweza kuchukua saa nzima, huisha kwa dakika chache. Lakini joto likizidi baadhi ya asidi huharibika. Kwa hiyo hupimwa kwa uangalifu.

Basi ndugu wanafunzi, aliyeshindwa na mbao hakushindwa na kemia. Nanyi wazazi wetu, mtoto asiyefaa kazi moja huenda akaifaa nyingine, mradi apewe nafasi.