Lady Chesham wa Iringa

Vijana wengi wa Mbeya na Iringa hawalijui jina la Lady Marion Chesham, wala hatuwalaumu, maana imepita zaidi ya nusu karne tangu alipofariki. Wazee wao walimpigia kura.

Alizaliwa mwaka 1903 huko Philadelphia, Marekani, akaolewa na Lord Chesham, mtu wa ukoo mkubwa wa Uingereza. Wakaja Tanganyika kuwa masetla katika nchi ya Iringa. Tusifiche neno: usetla ulikuwa sehemu ya ukoloni, naye aliishi humo. Mumewe alipofariki mwaka 1952, angeweza kuuza vyote akarudi kwao, na hakuna ambaye angemshangaa. Alibaki na ukulima wake.

Ukaja uchaguzi wa mwaka 1958. Iringa wakati ule ilikuwa katika Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini (jimbo la serikali, si la Kanisa), lililoongozwa kutoka Mbeya. Mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya Darasa la 8, au mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au cheo fulani. Kisha ilimlazimu kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Aliyeacha mmoja, kura yake iliharibika. Sheria hiyo iliwapa Wazungu wachache viti sawa na mamilioni ya Waafrika. Lakini TANU, ilipokwisha kukata shauri Tabora kwamba itashiriki, ilitafuta Wazungu na Waasia ambao yaweza kuwaunga mkono, na Lady Chesham alikuwa mmoja wao.

Twaomba msomaji apime jambo hilo. Chama kilichomwunga mkono hakikuweza kumwandika mwanachama, kwani milango ya TANU ilifunguliwa kwa watu wa kila rangi mwaka 1963 tu. Na chama cha UTP, kilichopendwa na masetla wengi, kilikuwa upande wa pili. Alishinda, nayo UTP ikashindwa vibaya.

Hata hivyo, kwa maoni yetu kazi yake kubwa ilikuja baada ya Uhuru. Mwaka 1962 ulianzishwa mfuko wa amana wa maendeleo ya jamii, naye akawa mtumishi wake hodari. Wanakijiji waweza kuchimba mfereji na kufyatua matofali kwa mikono yao, lakini mabomba, saruji na mabati hayachimbwi ardhini. Hapo ndipo mfuko uliposaidia, mahali ambapo watu walikuwa wamekwisha kuanza. Lady Chesham alikwenda ng'ambo kuwaombea. Mama mwenye cheo cha namna hiyo amezoea kuombwa, si kuomba. Yeye aligonga milango ya Wamarekani wenzake na ya Waingereza, kwa ajili ya visima na shule za watu ambao wafadhili hao hawatawaona kamwe.

Alifariki mwaka 1973, miaka 15 baada ya uchaguzi ule.