Pelletier: mfamasia aliyeitoa kwinini ndani ya gome la mti

Mama, mlezi, huenda umewasikia wazee wakisimulia uchungu wa kwinini. Kabla ya dawa mseto, kwinini ilikuwa tegemeo la wagonjwa wengi wa malaria duniani. Leo umfahamu mmoja wa watu wawili walioitoa kwenye gome la mti. Kazi yake itakusaidia siku mtoto wako atakapopata homa na jirani akakushauri umchemshie majani.

Pierre-Joseph Pelletier alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1788. Baba yake, aliyekuwa mfamasia na mkemia, alifariki mwaka 1797 Pelletier akiwa bado mtoto. Alipokua alifuata kazi hiyo hiyo, akafuzu ufamasia mwaka 1810.

Wakati huo watu wa Ulaya walishajua kwamba gome la mkwinini hutibu homa inayokuja na kuondoka. Asili ya mti huo ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Gome lilisagwa, unga ukachanganywa na divai, mgonjwa akanywa. Dawa ilisaidia, lakini si kila mara. Gome la mti mmoja lilikuwa na nguvu, la mwingine halina, na wapo wauzaji waliochanganya na magome mengine. Daktari alipima unga kwa kijiko bila kujua ndani yake mna dawa kiasi gani. Ikiwa kidogo, homa ilirudi. Unga ukizidi, tumbo lilikataa.

Pelletier alitaka kujua ni kitu gani hasa ndani ya mmea kinachofanya kazi. Mwaka 1817, pamoja na daktari François Magendie, alifanikiwa kutoa kitu kinachotapisha kwenye mzizi wa mmea wa ipekakuana. Kisha akashirikiana na mfamasia kijana, Joseph Caventou. Mwaka 1818 wawili hao walitoa strikinini kwenye mbegu za mmea, na hiyo ni sumu kali inayoua. Kwa hiyo usidhani kwamba kitu kikitoka kwenye mti basi hakiwezi kudhuru.

Mwaka 1820 waligeukia gome la mkwinini. Walililoweka kwenye spiriti, wakalisafisha hatua kwa hatua, wakabaki na kitu kichungu chenye rangi ya manjano. Hicho ndicho walichokiita kwinini. Madaktari wakaijaribu kwa wagonjwa wa homa, wakaona kiasi kidogo tu kinafanya kazi ya unga mwingi wa gome. Tangu hapo daktari aliweza kupima dozi na kumpa kila mgonjwa kiasi kinachojulikana.

Pelletier na Caventou hawakuificha njia yao. Waliitangaza ili wengine nao watengeneze. Mwaka 1827 Akademia ya Sayansi ya Ufaransa iliwatunza faranga 10,000. Pelletier pia alifundisha wafamasia na kutengeneza kwinini. Alifariki mwaka 1842, akiwa na miaka 54. Hakuwahi kujua kwamba malaria husababishwa na vimelea, maana vilionekana kwenye damu ya mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1880.

Je, hadithi hii inakuhusu nini? Dawa mseto unayopewa kituoni nayo ina asili ya mmea. Sehemu yake moja imetokana na artemisia ya China. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake waligundua kwamba joto kali lilipunguza nguvu ya dawa iliyomo kwenye majani, na mwaka 1971 wakapata njia ya kuitoa bila joto hilo. Shirika la Afya Duniani halishauri kutibu malaria kwa chai ya artemisia. Ukichemsha majani nyumbani, hujui kikombe kina dawa kiasi gani. Mtoto anaweza kupata nafuu kidogo huku vimelea vikibaki na kuongezeka mwilini. Hapo unapoteza saa ambazo mtoto mdogo hana.

Kwa hiyo, mtoto akipata homa, fanya hivi:

- Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo apimwe damu. Si kila homa ni malaria.
- Akikutwa na malaria, atapewa dozi kulingana na uzito wake. Mpe vidonge vyote kwa siku zote ulizoelekezwa, hata kama homa imeshuka na anacheza.
- Mpe dawa mseto pamoja na chakula au maziwa. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, rudi kituoni uulize.
- Usigawe dozi moja kwa watoto wawili, wala usiweke akiba ya vidonge.
- Akipata degedege, akilegea, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali mara moja, iwe usiku au mchana.

Kama umeshampa dawa ya majani, usiogope kumwambia mhudumu. Hatakugombeza. Anahitaji kujua mtoto amekunywa nini, kiasi gani na lini, ili amtibu kwa usalama.