Browning, fundi aliyeiweka bastola mfukoni

Jumamosi moja jioni nilipita bandarini hapa Rumonge, mahali ambapo magunia ya ndagala na madumu ya mawese husubiri mashua, nikakuta wafanyabiashara wamegawanyika makundi mawili. Chanzo cha mabishano kilikuwa ndugu mmoja mwenye duka upande wa Kigoma. Yeye ana leseni ya bastola ndogo huko kwao, na kila anapovuka ziwa huiacha hukohuko kama sheria inavyotaka. Bastola yake inabeba risasi sita. Alitaka kujua kama azijaze zote sita katika magazini au aweke tano tu.

Mzee mmoja aliyewahi kuwa askari alisema ziwekwe tano, kwa kuwa springi ikibanwa sana huchoka, na siku ya hatari haitasukuma risasi juu. Vijana wakampinga. Walidai kuwa mwizi wa ziwani haji akiwa amehesabiwa, kwa hiyo risasi moja pungufu inaweza kuwa roho ya mtu. Wakanigeukia mimi, maana mwalimu anadhaniwa kujua kila kitu. Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikatafuta habari za fundi aliyeifanya bastola iingie mfukoni, na leo nawaletea maisha yake, kwa sababu jibu limo humo, pamoja na mengine ambayo hatukuyauliza.

Jina lake ni John Moses Browning. Alizaliwa Januari 1855 katika mji wa Ogden, Utah, nchini Marekani. Sisi tuliorudi kutoka makazi ya wakimbizi tutamwelewa haraka, kwani alizaliwa na mkimbizi. Baba yake, Jonathan Browning, alikuwa fundi bunduki na muumini wa kanisa la Wamormoni. Mwaka 1846 Wamormoni walifukuzwa mji wa Nauvoo, jimbo la Illinois, wakaacha nyumba na mashamba wakashika njia ya magharibi. Jonathan alikaa miaka kadhaa Iowa akiwatengenezea wasafiri bunduki, na mwaka 1852 akafika Utah, akaanza upya. Alikuwa na wake watatu na watoto 22.

Jonathan tayari alikuwa anasumbuliwa na swali lilelile la bandarini: mtu abebe risasi ngapi na zipangwe vipi? Katika zama ambazo bunduki nyingi zilipiga mara moja kisha kujazwa upya, yeye alitengeneza bunduki yenye kipande cha chuma kinachosogezwa kwa pembeni, ndani yake zikiwa risasi tano. John alikulia katika karakana hiyo, akicheza na vyuma chakavu tangu utotoni. Alisoma shule kidogo tu. Karakana ndiyo iliyokuwa chuo chake.

Mwaka 1879, mwaka uleule aliofariki baba yake, John alipata hataza yake ya kwanza kwa bunduki ya risasi moja. Yeye na ndugu zake wakaanza kuitengeneza wenyewe kwa mikono. Mwaka 1883 kampuni ya Winchester ilituma mkubwa wake hadi Ogden, akainunua haki ya bunduki hiyo kwa dola 8,000. Kwa karibu miaka 20 iliyofuata, bunduki nyingi zilizoipatia Winchester sifa zilitoka kichwani mwa Browning. Katikati ya kazi hiyo, kuanzia 1887 hadi 1889, aliacha vyuma akaenda jimbo la Georgia kuhubiri dini yake.

Aliporudi aliona jambo ambalo wengi walilipita. Bunduki inapopiga, hewa ya moto inayotoka mtutuni hutikisa majani yaliyo mbele. Akajiuliza kwa nini nguvu hiyo ipotee bure. Akaanza kuitumia nguvu ya risasi yenyewe ili bunduki itoe ganda na kuingiza risasi nyingine bila mkono wa mtu. Huo ndio msingi wa silaha zake nyingi za baadaye, tangu bastola hadi bunduki nzito za rashasha.

Mwaka 1897 historia yake ikakutana na ya Wabelgiji. Kiwanda cha FN kilichopo Herstal, karibu na Liège, kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1889 kutengeneza bunduki za Mauser kwa jeshi la Ubelgiji, na sasa kilikuwa kinatafuta kazi. Kikafunga mkataba na Browning ili kitengeneze bastola yake. Mwaka 1902 aligombana na Winchester juu ya malipo, kwa sababu alitaka alipwe kwa kila bunduki inayouzwa badala ya kununuliwa haki mara moja. Akavuka bahari hadi Liège na bunduki yake mpya. Tangu hapo Ubelgiji ikawa kama nyumbani kwake kwa pili. Jina lake lilienea kiasi kwamba Wafaransa na Wabelgiji walianza kuita bastola yoyote ya namna hiyo browning.

Browning hakuwa wa kwanza kuweka magazini ndani ya mpini wa bastola. Alichofanya ni kuirahisisha bastola mpaka ikawa bapa na nyepesi. Mwaka 1906 FN iliuza bastola yake ndogo ya milimita 6.35, yenye urefu usiofika sentimita 12 na uzito usiofika nusu kilo. Ilibeba risasi sita. Hapo ndipo bastola ilipotoka kiunoni mwa askari ikaingia mfukoni mwa raia, na hapo ndipo swali la rafiki yetu wa Kigoma lilipozaliwa.

Sasa tulijibu. Springi ya chuma kizuri haichoki sana kwa kukaa imebanwa, ilimradi haijabanwa kupita kipimo chake. Kinachoichosha zaidi ni kubanwa na kuachiwa mara nyingi. Chukueni mfano wa lori la mawese. Likilala limepakiwa uzito lililoundiwa, springi zake asubuhi ni zilezile. Zinazoziua ni mashimo ya barabarani kila siku, na tamaa ya kuongeza madumu. Kwa hiyo magazini nzima, yenye springi nzima, inaweza kujazwa idadi aliyoiweka mtengenezaji.

Lakini mzee wetu naye hakusema uongo mtupu. Katika bastola ndogo nafasi ni finyu, na springi hubanwa karibu na mwisho wa uwezo wake, kwa hiyo huhitaji kubadilishwa mapema kuliko ya bastola kubwa. Tena magazini iliyojaa kabisa huwa ngumu kuingia wakati chuma cha juu kimefungwa. Isiposhika vizuri inaweza kudondoka, au risasi ya juu ikakwama. Hata askari wa Uingereza waliobeba Sten katika Vita vya Pili vya Dunia, magazini yake ikiwa ya risasi 32, mara nyingi hawakuijaza yote. Kupunguza moja kunaweza kusaidia magazini iliyozeeka, lakini hiyo ni kumfunga mgonjwa kitambaa. Dawa ni springi mpya, na kuijaribu katika uwanja wa shabaha ulioruhusiwa.

Hapo ningeweza kuishia, lakini maisha ya Browning yananikataza. Mwaka 1910 alibuni bastola nyingine ndogo, ambayo nayo ilitoka Herstal. Tarehe 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, kijana Gavrilo Princip aliitumia kumuua mrithi wa kiti cha Austria, Franz Ferdinand, pamoja na mkewe Sophie. Alipiga risasi mbili tu, na zilizobaki katika magazini hazikuwa na kazi. Wiki chache baadaye Ulaya ikawaka, na moto ukafika huku kwetu. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliteremka na kuwafukuza Wajerumani katika mwambao huu, wakachukua Burundi, kisha Kigoma, na mwezi Septemba Tabora. Basi hata ukoloni wa Kibelgiji uliokaa juu ya babu zetu ulipitia njia iliyofunguliwa na bastola ndogo ya Ubelgiji.

Bastola hiyo ya 1910 ilikuwa na kinga tatu. Mojawapo ni kwamba magazini ikitolewa, bastola haipigi. Browning alijua kosa la binadamu: mtu hutoa magazini akadhani silaha ni tupu, huku risasi moja imelala chumbani. Bastola nyingine nyingi, zikiwemo Tokarev na Makarov za Kisovieti, hazina kinga hiyo. Mimi nilisoma shule ya msingi makazini, Tanzania. Huko nilimwona mtu mmoja akitoa magazini ya bastola yake mbele ya vijana ili kuwaonesha kuwa hakuna hatari. Kisha akavuta kifyatulio. Kijana aliyekuwa amekaa mbele yangu alitembea kwa mkongojo tangu siku hiyo. Hakuna aliyeuliza magazini ilikuwa na ngapi. Iliyomvunja mguu haikuwa ndani ya magazini.

Browning aliendelea kubuni hadi mwisho. Bastola yake ya 1911, iliyopiga risasi 6,000 katika majaribio bila kukwama, ilibebwa na jeshi la Marekani kwa zaidi ya miaka 70. Alipata hataza 128. Tarehe 26 Novemba 1926, akiwa kazini katika kiwanda cha Herstal pamoja na mwanawe Val, moyo wake ulisimama, akafa akiwa na miaka 71. Bastola aliyoiacha mezani ilimaliziwa na Mbelgiji Dieudonné Saive, ikatoka mwaka 1935 ikiwa na magazini ya risasi 13. Hata baada ya kufa kwake watu waliendelea kuongeza idadi.

Mtoto huyu wa mkimbizi hakuwahi kuona ziwa letu, lakini kazi ya mikono yake ililifikia. Sisi wa Rumonge tunajua tangu 1972 kwamba silaha ikishaanza kusema haichagui nyumba. Nchi zetu zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya silaha ndogo mwaka 2004, na Burundi ikapata sheria yake mwaka 2009. Asiye na kibali swali lake si tano au sita. Ni lini ataipeleka kwa wenye mamlaka.

Kwa ndugu yetu wa Kigoma, mwenye leseni, jibu ni hili: jaza sita ikiwa springi ni nzima, na ukiona wasiwasi badilisha springi. Lakini kila unapoiweka, toa magazini kwanza, kisha vuta chuma cha juu, uangalie chumba kwa macho na kwa kidole, halafu uifungie mahali watoto wasipofika. Risasi ya kuhesabu kwa makini kuliko zote ni ile isiyoonekana katika magazini.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu, mkazi wa Rumonge.