Peter Mark Roget na Suala la Visawe vya Kiingereza

Peter Mark Roget alizaliwa London mwaka 1779, akahitimu utabibu Edinburgh mwaka 1798. Mwaka 1805, akiwa daktari mjini Manchester, alianza kukusanya maneno ya Kiingereza kwa matumizi yake binafsi, akiyapanga kwa dhana badala ya alfabeti. Baadaye alikuwa katibu wa Royal Society kuanzia mwaka 1827 hadi 1848. Thesaurus yake ilichapishwa mwaka 1852, naye ana umri wa miaka 73, ikigawa msamiati katika matabaka sita na vichwa 1,000.

Hata hivyo, Roget alibainisha katika utangulizi kwamba hakukusudia kutofautisha visawe. Uteuzi aliuachia hisi ya msomaji. Hisi hiyo mzawa wa lugha huwa nayo tangu utotoni. Aliyejifunza Kiingereza darasani aweza kudhani slim na skinny ni mamoja, ilhali la kwanza husifu wembamba na la pili huukejeli.

Roget alifariki mwaka 1869. Hazina aliyoiacha humpa mwanafunzi maneno; tofauti zake hana budi kuzitafuta katika matumizi.