Bastola ya Dedan Kimathi

Sisi tukaao Kimbo, Ruiru, hatuko mbali na gereza la Kamiti, alikonyongewa Dedan Kimathi tarehe 18 Februari 1957. Alizaliwa Nyeri mwaka 1920, akafundisha shule kabla ya kuingia msituni.

Huko bunduki za kiwandani zilikuwa haba. Mafundi wa Mau Mau wakaunda zao: bomba la maji likawa mtutu, komeo la mlango, likirushwa kwa mpira wa gurudumu, likagonga kitako cha risasi. Nyingine zilimlipukia mpigaji mwenyewe!

Kimathi alishikwa tarehe 21 Oktoba 1956 akiwa na bastola halisi. Ajabu kwangu ni kwamba alihukumiwa kifo kwa kuwa nayo, si kwa vita alivyoviongoza. Alizikwa humo humo gerezani, bila alama.